Kijito Kilichokuwa Kisafi Kila Jumamosi

Wewe umekiona. Usiniambie hukukiona. Kila siku ya kazi, saa moja na nusu asubuhi, unavuka daraja la miguu nyuma ya soko, na kila siku ukifika katikati shingo yako inageuka kule kwenye ukuta wenye matangazo ya vyumba vya kupanga. Matangazo yale yako pale mwaka wa tatu huu. Vyumba vyenyewe vilishapata wapangaji, wapangaji wakaoa, wakahama. Lakini wewe bado unasoma. Nikikuuliza kijito kilikuwa na rangi gani leo, utaniambia ulikuwa na haraka.

Mimi nakaa chini ya ngazi za daraja hilo hilo, nashona viatu. Sura yako siijui vizuri, ila soli zako nazijua. Wewe mwenye kisigino kilicholika upande wa kulia, ndiye ninayekusema. Wiki iliyopita, Jumatatu, kijito kilikuwa kijani. Jumatano kilikuwa zambarau, na povu limetanda juu yake kama mtu aliyepakwa sabuni ya ndevu halafu kinyozi akaitwa nje. Sikulaumu kwa haraka yako. Hata mimi nina viatu vya watu. Nakulaumu kwa ule ukuta.

Nina kumbukumbu mbaya, yaani mbaya kwa wengine, maana haipotezi kitu. Nakumbuka mkutano ulioitwa kwenye darasa la watoto wadogo, tumekaa kwenye viti vyao, magoti yanagusa videvu. Mwalimu, yule bibi mstaafu ambaye mpaka leo akikohoa watu wazima wananyamaza, aliuliza nani yuko tayari kujitolea kila Jumamosi kusafisha kijito na kupima maji yake. Mikono arobaini na mmoja ilinyooka. Niliihesabu mara mbili, kwa sababu nawajua majirani zangu. Jumamosi yenyewe tulifika saba, na kati ya hao saba, watatu tumetoka nyumba moja: mimi, mke wangu na dada yangu. Wengine wanne ni Mwalimu mwenyewe, Kinyozi, Fundi Baiskeli na Fundi Cherehani. Hicho ndicho chama. Ile mikono thelathini na minne iliyobaki sijui ilipatwa na nini njiani.

Nikueleze habari za dada yangu, maana jambo lote hili ni lake. Ana kitalu cha miche hatua sitini chini ya daraja, ukingoni kabisa mwa kijito. Yupo pale miaka kumi na minane. Miche iko kwenye mifuko myeusi na makopo ya rangi yaliyotobolewa, imepangwa mistari, na yeye anapita katikati na kopo la kumwagilia, anaisema kama watoto waliochelewa kulala. Mti wa kivuli ulio mlangoni kwako, uliza umetoka wapi. Maji anachota kijitoni. Hana bomba, na hakuwahi kulihitaji.

Miaka miwili iliyopita kikaja kiwanda cha kutia vitambaa rangi, juu kidogo ya daraja. Kila siku alfajiri, na tena saa nne asubuhi, wanafungulia matangi yao, na maji ya rangi yanashuka kwa bomba moja nene hadi kijitoni. Miche ya dada ikaanza kuungua pembeni mwa majani, halafu inainama, halafu inakufa bila kelele. Dada akapeleka malalamiko ofisi ya mazingira. Ofisi ikasema: leteni vipimo vya wiki kumi na mbili vilivyopimwa na wananchi. Maji yakionekana machafu, kiwanda kitaamriwa kuchimba mashimo ya kutuliza rangi kabla ya kumwaga. Yakionekana safi, faili linafungwa.

Na faili likifungwa, kitalu kimekwisha. Mwenye kiwanda alishamwandalia dada mahali pa kuangukia. Mtu huyo tunamwita Bwana Karibu, kwa sababu hilo ndilo neno analoanzia na kumalizia. Alikuja kitaluni mwenyewe, viatu vyake vizuri (vya ngozi, vimeshonwa kwa mkono, niseme ukweli), akasimama kati ya miche iliyokufa, akasema: "Mama, ukichoka na kazi hii, kwangu pana nafasi ya kufagia uwanja wa kuanikia vitambaa. Karibu sana."

Alipoondoka dada alinitazama. "Kufagia najua," akasema. "Ila nitamfagilia mtu aliyeniulia miche, halafu jioni nimwambie asante."

Basi tukaanza kupima. Kifaa chetu ni mrija mpana wa plastiki inayoonyesha ndani, urefu wake mita moja, una alama za sentimita ubavuni. Chini kabisa pamechorwa duara, nusu jeusi nusu jeupe. Unamwaga maji ya kijito taratibu, mwenzako anachungulia kwa juu. Duara likipotea machoni mwake, mnaacha, mnasoma alama. Maji machafu duara linapotea mapema, sentimita kumi, kumi na tano. Maji safi unaweza kujaza mrija wote na bado duara linakutazama. Ni kazi rahisi, ila haikuwa rahisi kwetu.

"Mwaga polepole, Redio," Kinyozi alikuwa akiniambia. Redio ni mimi. Wanadai sina kitufe cha kuzimia. "Unamwaga kama nyumba inaungua."

"Nikienda kwa mwendo wako tutapima Jumapili."

"Hapo. Simama. Limepotea." Akainama tena. "La, limerudi."

"Limepotea au limerudi?"

"Nilipepesa macho."

"Kwani kwa wateja wako pia unapepesa?"

"Kwa wateja napepesa nikitaka. Masikio ni yao."

Mwalimu alikuwa amekaa kwenye ndoo iliyofudikizwa, daftari juu ya goti, anasubiri namba kama anasubiri mtoto ataje herufi. Yeye ndiye mwenyekiti na ndiye sheria. Fomu ya ofisi ilisema kipimo kichukuliwe siku ile ile, saa ile ile, kila wiki. Mwalimu akachagua Jumamosi saa nne, wote tukiwa huru, na tangu hapo ungemwambia Jumapili angekuandikia utoro. Wiki ya kwanza tulipata kumi na nne. Ya pili, kumi na mbili. Vibaya kabisa, yaani vizuri kabisa, kwa ajili ya faili. Kiwanda kilikuwa kinafanya kazi Jumamosi kama siku nyingine.

Wiki ya tatu nikaungua miguu.

Nilikuwa nimesimama katikati ya kijito nimevaa mabuti yanayovuja. Ndiyo, fundi viatu, mabuti yanavuja; mke wangu amelisema hilo vya kutosha, huna haja ya kuongeza. Bomba likafunguliwa, maji ya moto ya buluu yakaja, yakaingia bila hodi. Nilitoka pale nikiruka kama chura mwenye miadi. Miguu ikabaki buluu siku tisa.

"Wifi, njoo uone," mke wangu alimwita dada. "Mdogo wako amezaliwa upya, safari hii na soksi."

"Zimemkaa vizuri," dada akasema. "Hata kisigino hakikuvutika."

Wakacheka hadi wakashika ukuta. Mimi sikucheka. Jumatatu asubuhi nilifunga kibanda nikaenda kiwandani kumkabili Bwana Karibu. Njia nzima nilikuwa natunga hotuba. Ilikuwa na tarehe ndani yake. Ilianza mwaka ule samaki wadogo walipokuwa wanatuuma vidole hapo darajani, ikapita kwa kila diwani aliyeahidi na kusahau, jina kwa jina, ikafikia bomba lake. Nilikuwa na hasira ya kunitosha hadi jioni.

Bwana Karibu akanipokea mlangoni. Akanishika mkono kwa mikono miwili. Akanipa kiti chenye mto. Akaagiza maji ya kunywa, yakaja baridi, kwenye glasi yenye sahani chini yake. Akainama akatazama miguu yangu akasema, "Pole sana, mzee wangu, pole sana," na uso wake ulikuwa na huzuni kweli, sidhani alikuwa anaigiza. Hotuba yangu ikaanza kuyeyuka kuanzia mwisho kurudi mwanzo.

"Sasa mzee wangu, mnataka nifanye nini? Sema lolote."

Sikiliza vizuri hapa. Aliniambia niseme lolote. Ningeweza kusema mashimo. Ningeweza kusema funga bomba. Nilikuwa na miche ya dada yangu kichwani, nilikuwa na miaka yote ile mdomoni. Nikasema:

"Basi angalau Jumamosi mfunge bomba, watu wafanye kazi yao salama."

"Hilo tu?"

"Hilo tu."

Akaliandika kwenye kijitabu. Akanipa na jozi thelathini za glavu za mpira, tukiwa watu saba.

Nilirudi mtaani kifua mbele. Jumamosi iliyofuata bomba lilikuwa kavu, tukaingia majini tumevaa glavu mpya, Mwalimu akanishika mkono mbele ya wote, Fundi Cherehani akapiga vigelegele vifupi. Dada peke yake ndiye aliyeuliza.

"Na Jumatatu?"

"Jumatatu hatupo," nikamjibu.

Nililisema hilo kwa sauti, mbele ya watu sita. Ukitaka kunikumbusha, foleni ni ndefu.

Tangu siku hiyo namba zikaanza kupanda. Wiki ya nne, sabini na moja. Ya sita, themanini. Ya tisa, duara lilikuwa linatutazama kama paka aliyeshiba. Na sisi tukaamini ni kazi ya mikono yetu. Tulikuwa tunaanza na kufagia, kuokota mifuko, kuchota tope kwa koleo, hadi Mwalimu aridhike kwamba kijito kinafaa kutazamwa, ndipo tupime. Mwalimu akanunua kalamu nyekundu. Kando ya kila namba akaandika "Vizuri", halafu "Vizuri sana", halafu, wiki ya kumi na moja, "Hongereni", na mstari chini yake, umepigwa kwa rula.

Miche iliendelea kufa. Dada alileta chupa ya maji ya Jumatatu, nyeusi kama wino, akaiweka mbele ya Mwalimu.

"Hii ni ya Jumatatu," Mwalimu akasema. "Fomu inasema siku ile ile kila wiki. Tukianza kuchanganya siku, ofisi itatukataa."

"Lakini Mwalimu, haya ndiyo maji ninayomwagilia."

"Labda unamwagilia mno."

Na mimi, ndugu yake wa tumbo moja, nikasema labda ni udongo. Udongo aliouchekecha kwa mikono yake miaka kumi na minane. Dada akachukua chupa yake akaondoka. Hakuna aliyemfuata. Tulikuwa na namba nzuri, na mtu mwenye namba nzuri hapendi kuletewa chupa.

Siku ya ofisi ikafika. Tulikwenda wanne: dada, mimi, Mwalimu na Kinyozi, tumevaa nguo za kwenda mahali. Chumba kilikuwa na feni ya panga tatu, moja imefungwa karatasi ya gundi, na mafaili yamebanwa kwa mipira hadi dirishani. Afisa alikuwa binti mdogo, miwani ameipandisha kwenye nywele. Bwana Karibu alishafika. Alisimama akatuvutia viti.

Mwalimu akafungua mfuko wa plastiki, akatoa daftari, akalikabidhi kwa mikono miwili. Afisa akasoma polepole, kidole kinashuka.

"Wiki ya kwanza kumi na nne. Ya pili kumi na mbili. Ya tatu kumi na tatu." Akageuza ukurasa. "Ya nne sabini na moja. Ya tisa tisini. Ya kumi na mbili tisini na tano." Akainua uso. "Jamani, hongereni. Sijawahi kuona kijito kinapona hivi. Sasa malalamiko ni ya nini?"

Mwalimu alikuwa ameanza kutabasamu kwa ile hongera. Tabasamu likakwama katikati.

"Mimi mwenyewe nawashukuru majirani zangu," Bwana Karibu akasema. "Mikono yao imefanya kazi. Hata glavu nilichangia."

Nilitegemea Mwalimu aseme kitu. Mwalimu alitegemea Kinyozi. Kinyozi alikuwa anatazama nywele za afisa, nadhani kwa mazoea. Dada ndiye aliyeongea, taratibu, kama anaongea na mche.

"Mwanangu, angalia zile tarehe."

"Zina nini, mama?"

"Ni siku gani?"

Afisa akavuta kalenda ya mezani, akahesabu. "Jumamosi. Zote Jumamosi."

"Jumamosi bomba lake linafungwa. Siku nyingine sita maji yangu yanaunguza majani. Daftari hilo limepima siku ambayo hakuna kitu."

Afisa akamgeukia Bwana Karibu. "Ni kweli unafunga Jumamosi?"

"Kweli kabisa."

"Kwa nini?"

"Niliombwa."

"Na nani?"

Hakuninyooshea kidole, hana tabia hiyo. Alinigeukia tu kwa upole, akainamisha kichwa. "Na mzee huyu."

Watu wote chumbani wakanitazama. Mimi nikatazama feni. Nilihesabu panga zake: tatu. Nikazihesabu tena. Najua unachofikiri sasa hivi, na una haki, dakika ile sikuwa na cha kukuzidi.

Afisa akashusha miwani machoni. Hakuwa mtu mbaya. Alisema hawezi kuandika maneno ya mdomoni juu ya namba za daftari, ila angeliacha faili wazi wiki mbili. Alitaka vipimo vitatu, siku tatu tofauti za kazi, bomba likiwa wazi. Kila kipimo kitiwe sahihi na mashahidi wawili, na mashahidi wote sita wawe watu tofauti. Si mlalamikaji, si ndugu wa mlalamikaji.

"Nikipokea sahihi za ndugu," akasema, "huyu bwana atakata rufaa kabla sijamaliza kupiga muhuri."

"Siwezi kukukatalia hilo," Bwana Karibu akakubali, akatufungulia mlango.

Jioni ile nilikwenda kitaluni. Dada alikuwa anang'oa iliyokufa, anakung'uta udongo wa mizizi kwenye ndoo ili autumie tena. Nilisimama pembeni natafuta maneno. Mimi, Redio.

"Umeishiwa betri?" akaniuliza.

"Nimekukosea."

"Umenikosea. Shika huu mfuko."

Nikashika. Tukafanya kazi mpaka mkono ukachoka. Mwalimu akaja naye, daftari kwapani, macho mekundu. Akasema anataka kuifuta ile Hongereni, ameleta na kifutio cha wino.

"Iache, Mwalimu," dada akamwambia. "Ina mwandiko mzuri. Nitafutie watu sita tu."

Hapo ndipo hesabu ya chama ikatuumbua. Toa dada, mlalamikaji. Nitoe mimi, ndugu. Mtoe mke wangu, wifi. Wanabaki wanne.

Jumanne iliyofuata saa nne Mwalimu alikuwa ukingoni amevaa kofia. Kinyozi akaja mbio, amemwacha mteja kitini kichwa nusu, na mteja naye akaja nyuma yake, taulo shingoni, analalamika njia nzima. Mimi sikuruhusiwa kugusa mrija. Nilikaa juu ya jiwe nimefunga mikono kama mgonjwa. Mwalimu akamwaga, Kinyozi akachungulia. Safari hii hakupepesa.

"Kumi na moja," akasema.

"Una hakika?"

"Mwalimu, duara limezama kabla sijainama vizuri."

Mteja naye akachungulia. "Hata mimi nimeona. Nipe kalamu, nitie sahihi, nirudi nikamaliziwe kichwa."

Tukafurahi: shahidi wa ziada, bure, nusu amenyolewa. Kisha mke wangu, aliyekuwa amesimama darajani, akamwita kwa jina la nyumbani. Ni binamu yake. Ukoo ule ni mkubwa kupita kiasi, nilimwambia hivyo tangu siku ya posa.

Wiki iliyofuata, Jumatatu, Fundi Baiskeli na Fundi Cherehani wakapima. Maji yalikuwa zambarau. Tisa. Wote wawili wakatia sahihi, na Fundi Cherehani akasema angepata kitambaa cha rangi ile angejishonea.

Kimebaki kipimo kimoja, na wanne wetu wamekwisha. Afisa anafunga faili Ijumaa mchana. Nimepita nyumba hadi nyumba tangu juzi. Mwenye duka la vifaa ameniambia Bwana Karibu ni mteja wake mzuri. Jirani wa nyumba ya geti jekundu ameniambia macho yake mabovu, anazungumza nami huku anatunga uzi kwenye sindano, ukaingia mara ya kwanza. Mwingine amesema jambo hili ni la serikali. Mwingine akamtuma mwanawe aniambie hayupo, nikamsikia akimfundisha namna ya kulisema. Yule mwenye mkanda wa saa wa kahawia, mkono wa tatu kunyooka siku ile darasani, ameniahidi ataliombea.

Jana mlinzi wa kiwanda alileta kifurushi kitaluni. Ndani mna koti la kazi, jipya, la buluu, la kufagilia uwanja. Bwana Karibu amelituma mapema, endapo litahitajika, na kiasi chake ni sawasawa na mwili wa dada. Aliuliza kwa Fundi Cherehani vipimo, na yule mama kwa wema wake akampa. Dada hakulitupa. Amelitundika kwenye msumari. Nilipomuuliza kwa nini, akasema, "Ni nguo, halina kosa." Kisha akaendelea kuhesabu iliyobaki hai. Miche mia moja na kumi na sita, mwezi jana ilikuwa mia nne. Ijumaa faili likifungwa, Jumatatu analivaa.

Kwa hiyo sasa nakuhitaji wewe. Si watoto wako watakapokua, si kizazi kijacho, si "sisi sote kama jamii". Wewe na mwingine mmoja. Kesho Alhamisi, saa nne kamili asubuhi, ukingo wa kushoto, chini ya bomba. Si lazima ushuke majini, glavu tunazo ishirini na tatu za akiba, mrija upo, Mwalimu atakuonyesha pa kuangalia. Unachungulia, unasema namba unayoiona, hata ukiona tisini sema tisini, unaandika jina lako na kutia sahihi. Ni dakika kumi. Umewahi kumsubiri fundi simu kwa zaidi ya hapo. Kama ukoo wako umewahi kuoana na wa mke wangu, uliza leo nyumbani, utuletee jirani badala yako.

Umesoma mpaka hapa, basi huna haraka hivyo. Chukua simu, mpigie mkubwa wako wa kazi, mwambie kesho utachelewa. Mpigie sasa hivi, kabla hujapata sababu.